Betri Ikivimba: Kwa Nini Seli Inahitaji Nafasi na Kibano kwa Pamoja

Pita kwenye kordo yoyote ya hosteli zetu usiku uhesabu simu ambazo vioo vyake vimeinuka upande mmoja, au makava yake ya nyuma yameshikwa na raba bendi. Mwenye simu atakwambia, "Betri imeumuka kidogo tu, mbona bado inakaa na chaji." Kisha anaichomeka, anaisukuma chini ya mto, analala. Fundi simu naye ana dawa yake: anaibonyeza betri kwa kiganja mpaka kava lifunge, anachukua hela yake, mnaachana kwa amani.

Mimi nasoma ualimu, mwaka wa tatu, na masomo yangu ya kufundishia ni Fizikia na Kemia. Nataka kueleza jambo moja ambalo naona linatuhusu wote, hata wewe wa Sheria au Biashara. Betri za lithiamu huvimba kwa sababu mbili tofauti kabisa, moja ya kawaida na nyingine ya hatari. Watu wanaounda betri kubwa za pikipiki, magari na sola wanatumia akili nyingi sana kuishi na uvimbe huo. Ukielewa wanachofanya, utajua pia kwa nini kubonyeza betri kwa kiganja si matengenezo.

Seli inapumua

Tuanze ndani. Betri kubwa ni mkusanyiko wa vipande vidogo vinavyoitwa seli. Ndani ya seli moja kuna tabaka za karatasi nyembamba za metali zilizopakwa unga: upande mmoja ni anodi, ambayo mara nyingi ni grafiti, upande mwingine ni kathodi, ambayo ni mchanganyiko wenye lithiamu. Katikati kuna utando wa plastiki wenye matundu madogo mno, na kila kitu kimeloweshwa kwa kimiminika kiitwacho elektroliti. Tabaka hizo zimekunjwa au kupangwa pamoja kama chapati ya kusukuma, moja juu ya nyingine, mara nyingi.

Unapochaji, ayoni za lithiamu hutoka kathodi, hupita kwenye matundu ya utando, huenda kujipenyeza kati ya tabaka za grafiti. Unapotumia simu, zinarudi zilikotoka. Hiyo ndiyo kazi yote ya betri: kuhama na kurudi.

Sasa, grafiti ni kaboni iliyopangwa kwa tabaka kama kurasa za daftari. Nafasi kati ya ukurasa na ukurasa ni takriban nanomita 0.335. Lithiamu ikishaingia kikamilifu, yaani ayoni moja kwa kila atomu sita za kaboni, nafasi hiyo hupanuka mpaka takriban nanomita 0.370. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 10. Chukua daftari lako, weka kipande cha karatasi kati ya kila ukurasa na mwenzake, uone kama litafunga kama mwanzo.

Kwa bahati nzuri kathodi haikai kimya. Kwenye seli za aina ya LFP, ambazo ndizo nyingi kwenye sola na pikipiki za umeme, kathodi husinyaa kwa karibu asilimia 7 wakati wa kuchaji, kwa hiyo sehemu ya uvimbe wa grafiti inafidiwa. Ila haifidiwi yote. Seli iliyojaa chaji huwa nene kidogo kuliko ileile ikiwa tupu. Wahandisi husema seli "inapumua": ukichaji inavuta pumzi, ukitumia inaitoa. Hakuna kilichoharibika hapo. Hata betri mpya kabisa inafanya hivyo kila siku, isipokuwa kwenye simu mabadiliko ni madogo mno kuyaona kwa jicho.

Watengenezaji sasa wanachanganya silikoni kwenye anodi ili betri ibebe chaji nyingi zaidi. Tatizo ni kwamba silikoni ikijazwa lithiamu kikamilifu hufikia ujazo wa takriban mara tatu hadi nne ya ule wa mwanzo. Ndiyo maana wanaitia kidogokidogo, kama pilipili. Kadiri tunavyotaka betri zinazokaa na chaji zaidi, suala la uvimbe linazidi kuwa kubwa.

Uvimbe wa pili hautoki

Uvimbe wa kwanza unakuja na kuondoka. Wa pili unakuja na kubaki. Kadiri betri inavyozeeka, juu ya grafiti hujengeka utando mwembamba wa mabaki ya elektroliti iliyovunjika. Kiasi fulani cha utando huo kinahitajika, bila huo betri isingedumu. Lakini unaendelea kukua miaka yote, unakula lithiamu, na unanenepesha seli taratibu.

Kisha kuna gesi. Elektroliti ni mchanganyiko wa vimiminika vya kikaboni vinavyoshika moto. Ukiichaji betri kupita kiasi, ukiiacha kwenye joto kali, ukiimaliza chaji mpaka chini kabisa kisha ukaichaji tena, au ikiwa iliingiwa na unyevu kiwandani, elektroliti huvunjika na kutoa gesi kama kaboni dayoksaidi, kaboni monoksaidi, ethilini na haidrojeni. Baadhi ya hizo zinawaka. Seli ikiumuka kama andazi na isirudi hata chaji ikiisha, jua kilichomo ni gesi au mabaki, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Kwa hiyo mtu anayeunda betri ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Aruhusu pumzi ya kila siku, na atenge nafasi ya unene utakaoongezeka mpaka siku ya mwisho ya betri. Akipiga hesabu kwa unene wa siku ya kwanza pekee, ameshafeli.

Mfano unaojulikana dunia nzima ni Samsung Galaxy Note 7. Ilitoka Agosti 2016, na kufikia Oktoba mwaka huohuo uzalishaji ulisimamishwa kwa sababu simu zilikuwa zinawaka moto. Januari 2017 kampuni yenyewe ilieleza matokeo ya uchunguzi. Kulikuwa na betri za watengenezaji wawili, kila moja na kasoro yake. Kwenye betri ya kwanza, mfuko wa seli haukuwa na nafasi ya kutosha kwenye kona ya juu upande wa kulia, kwa hiyo elektrodi hasi ilipinda pale. Kwenye ya pili, mabaki makali ya kuchomelea yalitoboa kinga ya ndani. Hebu fikiria hiyo ya kwanza: kona moja, nafasi ndogo, na simu za dunia nzima zikarudishwa dukani.

Umbo linaamua mengi

Seli huja kwa maumbo matatu. La kwanza ni la mviringo kama betri ya tochi. Maarufu zaidi inaitwa 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Hii imefungwa kwenye kopo la chuma, na duara linahimili msukumo vizuri. Ndiyo sababu mtungi wa gesi jikoni ni wa mviringo na si wa boksi. Zaidi ya hapo, ukipanga miduara ikagusana kwa mpangilio bora kabisa, bado karibu asilimia 9 ya eneo inabaki wazi katikati yake. Gari la Tesla Roadster la mwaka 2008 lilikuwa na seli 6,831 za aina hii. Uvimbe haukuwa shida kubwa kwao, ila kuunganisha seli karibu elfu saba ni kazi nyingine.

Umbo la pili ni boksi la alumini, ndilo linalotumika sana kwenye sola. Kuta zake ni bapa, na ukuta bapa ukisukumwa kutoka ndani hutokeza tumbo katikati. La tatu ni mfuko laini, kama pakiti ya maziwa, ambalo ndilo lililomo kwenye simu yako. Mfuko hauna nguvu yoyote ya kuzuia uvimbe. Nissan Leaf ya kwanza ilitumia seli za mfuko 192, na waliziweka nne nne ndani ya makopo ya metali, makopo 48 kwa jumla. Kopo ndilo lililokuwa linafanya kazi ambayo mfuko hauwezi.

Kundi hilo dogo la seli zilizofungwa pamoja linaitwa moduli. Na hapa ndipo hesabu inakuwa tamu.

Kubana, ila kwa kiasi

Mtu anaweza kusema: kama seli zinavimba, tuziachie nafasi kubwa, basi. Haitoshi. Seli bapa isiyobanwa kabisa inaacha tabaka zake zitengane. Vipovu vya gesi vinakaa katikati, na pale penye kipovu ayoni hazipiti. Umeme unalazimika kupita sehemu nyingine, sehemu hizo zinachoka mapema, na seli inakufa kabla ya wakati wake.

Mwingine atasema: basi tubane kwa nguvu zote. Hapo pia kuna shida. Ukibana kupita kiasi, matundu ya ule utando wa plastiki yanazibika na elektroliti inakamuliwa itoke kati ya tabaka. Ayoni zinakosa njia, zinarundikana juu ya grafiti na kugeuka kuwa metali ya lithiamu. Metali hiyo inaweza kuota kama sindano na kutoboa utando. Anodi ikigusana na kathodi, moto huo.

Jibu liko katikati. Seli fulani ya LFP ya ampea-saa 280, ya umbo la boksi, inayopendwa sana na mafundi wa sola, imeandikiwa na mtengenezaji kibano cha kilo 300. Uso wake mpana ni kama sentimita 17.4 kwa 20. Gawanya, unapata karibu kilo 0.86 kwa kila sentimita ya mraba, pungufu kidogo ya msukumo wa hewa inayotuzunguka. Inaonekana kidogo, eti? Lakini jumla yake ni magunia matatu ya mahindi ya kilo 100 yanayosukuma kwenye ubao mmoja. Ndiyo maana moduli nzuri ina mabamba mazito ya metali kila mwisho, yenye mbavu ili yasipinde, na fito au mikanda ya chuma inayoyavuta pamoja. Ukiweka ubao mwembamba, utapinda katikati, palepale ambapo seli inatokeza tumbo.

Kumbuka pia kwamba unene unajumlishwa. Tuseme una seli 16 kwenye mstari, na kila moja imeongezeka nusu milimita tu. Mwisho wa mstari umesogea milimita 8. Kama sanduku lako halikuacha hizo milimita 8, kitu kitapasuka, na haitakuwa hiari yako kuchagua kipi.

Hesabu ya springi

Sasa turudi kwenye kanuni ya Hooke, ile tuliyokaririshwa sekondari bila kuambiwa ina kazi gani: nguvu ya springi huongezeka sawia na umbali iliobanwa au kuvutwa.

Chukua springi laini inayohitaji kilo 10 kwa kila milimita. Ibane milimita 30, unapata kilo 300 zako. Seli zikivimba milimita 5, springi imebanwa milimita 35, na nguvu imefika kilo 350. Salama.

Chukua springi ngumu ya kilo 100 kwa milimita. Ibane milimita 3, nayo inakupa kilo 300 zilezile. Siku ya kwanza moduli hizi mbili huwezi kuzitofautisha. Lakini seli zikivimba milimita 5 zilezile, springi imebanwa milimita 8, nguvu ni kilo 800. Umeziponda.

Na bolti tupu isiyo na springi? Hiyo ni ngumu kuliko springi yoyote ya mfano huu. Ndiyo sababu wahandisi huweka springi ndefu laini mwishoni, au vipande vya sponji maalumu kati ya seli na seli. Sponji hiyo si ya godoro. Inatengenezwa ili isukume kwa nguvu inayokaribia kuwa ileile hata ikibanwa zaidi, irudi ilivyokuwa seli zikisinyaa, na aina nyingine huzuia joto la seli moja lisiruke kwenda kwa jirani.

Nilivyoyakuta field

Nilipokuwa field, kwenye shule moja ya sekondari ya bweni, kulikuwa na mfumo wa sola wa kuwashia madarasa usiku. Betri yake ilikuwa na seli nane za boksi, zimepangwa kwenye sanduku la mbao lililotengenezwa kwa kipimo chake kamili, bila hata nafasi ya kupitisha rula. Ubavu wa sanduku ulikuwa umetokeza. Vipande vya shaba vinavyounganisha seli vilikuwa vigumu, vimenyooka, na kimoja kilikuwa kimevuta nguzo ya seli mpaka ikakaa upande.

Fundi aliyeitwa alishauri apitishe bolti nne ndefu na mbao mbili, akaze mpaka seli zirudi bapa. Makamu mkuu wa shule akatuita sisi wa field. "Walimu, nyie si ndio Fizikia? Semeni. Kidato cha nne wana mitihani, siwezi kuwalaza gizani."

Unaona hapo uzito wake. Kusema "zima" maana yake ni wanafunzi karibu mia kukosa prepo ya usiku, na wengi wao kwao hakuna umeme wa kusomea hata likizo. Kusema "kaza" maana yake ni kuponda seli zilizojaa gesi ndani ya sanduku la mbao, chumba kimoja na stoo ya vitabu.

Tulimwomba fundi akate umeme kwanza. Seli zikatolewa moja moja, kila moja tukaiweka kati ya mbao mbili bapa na kupima umbali kwa rula. Sita zilikuwa zimekaribiana unene. Mbili zilikuwa zimeachana nazo kwa milimita kadhaa, na voltimita ikaonyesha zimeshuka kuliko wenzake. Mwalimu mwenzangu akamwambia fundi, kwa heshima, "Mzee wangu, hizi mbili zina hewa ndani. Ukizibana, hewa itatafuta pa kutokea." Mzee akazitazama, akakuna kichwa, akasema, "Basi hizi tuziache."

Prepo ya wiki mbili na nusu ilifanyika kwa taa ndogo za kuchaji, madarasa mawili yakibanana kwenye chumba kimoja. Kuna wazazi walilalamika, na nadhani walikuwa na haki. Seli mbadala zilipokuja, sanduku jipya lilikuwa la chuma, lina mabamba mwisho, springi nne na nafasi. Yule mzee ndiye aliyelitengeneza, tena vizuri kuliko nilivyoweza kumchorea.

Nguzo, tundu na jirani

Kile kipande cha shaba kilichovuta nguzo kinatufundisha jambo lingine. Seli zikisogea, viunganishi lazima visogee nazo. Wajuzi hutumia waya wa shaba uliosukwa, au kipande chenye nundu katikati inayoweza kufunguka kidogo. Kikiwa kigumu, mzigo wote unaenda kwenye nguzo, inalegea, inapata joto.

Pia kila seli ya boksi ina tundu la usalama juu, lililofunikwa kwa karatasi nyembamba ya metali. Msukumo ukizidi, linapasuka na kuachia gesi kwa mpangilio. Usilifunike kwa gundi, ubao wala waya. Gesi ikishatoka nayo iwe na njia ya kwenda nje.

Somo hili ndege ya Boeing 787 ililipata kwa gharama. Januari 2013 betri za lithiamu za ndege mbili, moja ikiwa Boston na nyingine ikiwa angani Japani, ziliungua kwa siku chache tu za tofauti, na ndege zote 50 za aina hiyo zilizokuwa zikiruka zikazuiwa. Suluhisho lilikuwa na kinga zaidi kati ya seli na seli, sanduku la chuma, na bomba la kupeleka gesi nje ya ndege. Ndege ya kwanza kurudi kubeba abiria ilikuwa ya Ethiopian Airlines, tarehe 27 Aprili 2013, kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Walikubali kwamba seli moja inaweza kuharibika siku yoyote, wakaunda sanduku ambalo halitaiacha iende na jirani zake.

Wewe ufanye nini

Weka simu yako kwenye meza bapa, uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kwa urahisi kama pia, mgongo wake umetokeza, na huenda betri imevimba. Kama kioo kimeinuka au kava halifungi, hapo huhitaji kipimo kingine.

Ikiwa imevimba, acha kuichaji. Usiitoboe "kutoa hewa", maana hewa hiyo inawaka na kilichobaki ndani kinatoa kemikali kali. Usiibonyeze. Usiitupe kwenye shimo la taka linalochomwa nyuma ya bweni. Iweke mbali na kitanda, juu ya kitu kisichoungua kama sufuria yenye mchanga, kisha ipeleke kwa fundi anayebadilisha betri au kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki. Najua bumu halijatoka na betri mpya ni hela. Lakini tunalala wanne chumba kimoja, na godoro la hosteli linashika moto kuliko karatasi.

Kwa walimu wenzangu watarajiwa, nina ombi moja zaidi. Ukifika kwenye kanuni ya Hooke, usiishie kwenye springi na mawe ya uzani. Waambie wanafunzi kuhusu zile springi mbili zenye kilo 300 siku ya kwanza. Mmoja wao ndiye atakayekuja kuwa fundi wa sola wa kijiji.